Kitabu Huzaa Kitabu: Karatasi, Alfu Lela Ulela na Uhai wa Hadithi za Watoto

Madai mawili yanapishana katika mijadala yetu kuhusu usomaji wa watoto, na yote mawili yameanzia pasipofaa. La kwanza, linalopendwa na wapangaji wa sera, ni kwamba mvuto wa kitabu cha karatasi ni hamu ya wazee kwa ujana wao. Wanaokililia ni waliosoma kwa mwanga wa koroboi. Mtoto wa leo mpe kishikwambi, atasoma. La pili, linalopendwa na wachapishaji na wakutubi, ni kwamba utafiti umekwisha kuthibitisha kuwa kinachosomwa kwenye karatasi hueleweka kuliko kinachosomwa kwenye kioo, na kwa hiyo shauri limekwisha.

Nchini Kenya dai la kwanza liligeuka kuwa ahadi ya kampeni mwaka 2013: kila mtoto wa darasa la kwanza angepata kompyuta mpakato. Utekelezaji ulipoanza mwaka 2016, kompyuta zilikuwa zimegeuka vishikwambi, na zaidi ya vifaa milioni moja vikapelekwa katika shule za msingi za umma. Mwaka uleule wa 2013 sheria mpya ya kodi ya ongezeko la thamani iliviwekea vitabu asilimia 16. Sidai kwamba mkono mmoja ulipanga mambo yote mawili. Ila mzazi aliyeingia duka la vitabu mwaka uliofuata alikuta bei mpya, na mashine iliyoahidiwa haijafika.

Dai la pili linahitaji kujibiwa kwa kirefu kidogo, kwa sababu linatolewa na watu walio upande wangu. Utafiti unaotajwa mara nyingi ni uchambuzi jumuishi wa Pablo Delgado na wenzake wa mwaka 2018, uliokusanya tafiti 54 zenye washiriki zaidi ya 171,000. Matokeo yake ni kweli: wasomaji wa karatasi walielewa zaidi, hasa waliposoma kwa muda uliowekewa kikomo, na pengo hilo lilikuwa likikua kati ya mwaka 2000 na 2017 badala ya kupungua. Wanaounukuu kutetea hadithi za watoto, hata hivyo, huruka jambo moja. Ubora wa karatasi ulionekana katika matini za maarifa, na katika tafiti zilizochanganya matini za maarifa na za kubuni. Pale ambapo washiriki walisoma masimulizi pekee, tofauti haikujitokeza. Kwa maneno mengine, utafiti huu unaweza kumtetea mwandishi wa kitabu cha jiografia. Mwandishi wa hadithi hapati kitu humo.

Tafiti za watoto wadogo nazo hazitoi ushindi mwepesi. Furenes, Kucirkova na Bus, mwaka 2021, walichambua tafiti 39 zenye watoto 1,812 wa umri wa mwaka mmoja hadi minane. Hadithi ileile ikihamishwa tu kutoka karatasini kwenda kwenye kioo, karatasi hushinda. Lakini kitabu cha kidijitali kilichoongezewa vitu vinavyosaidia kisa chenyewe kinaweza kukipita cha karatasi. Kwa hiyo anayesimamisha utetezi wa karatasi juu ya saikolojia ya uelewa amejenga juu ya mchanga: akitokea msanifu hodari wa programu, hoja imekwisha.

Ninapendekeza swali jingine. Tusiulize mtoto anaelewa nini leo jioni. Tuulize hadithi inaishi vipi miaka ishirini, arobaini, baada ya mradi ulioileta kufungwa. Dai langu ni kwamba mvuto wa kudumu wa kitabu cha watoto kilichochapwa hautokani na harufu wala mguso. Unatokana na ukweli kwamba nakala ya karatasi ikishatoka dukani haina bwana. Huazimwa bila ruhusa, husomwa kwa sauti mbele ya wasiojua kusoma, hupoteza jalada, hulala kabatini hadi sera mbili zimepita, kisha huangukia mikononi mwa mtu ambaye mchapishaji hakumfikiria. Mtu huyo, mara chache sana, huwa mwandishi.

Ushahidi wangu mkuu ni Adili na Nduguze ya Shaaban Robert, iliyotoka mwaka 1952 na ambayo vizazi vya wanafunzi wa Afrika Mashariki vimekutana nayo utotoni. Imejulikana kwa muda mrefu kwamba kisa chake kimetokana na Alfu Lela Ulela, katika hadithi ya Abdullah bin Fadil na ndugu zake. Hapo pana makubaliano na sina haja ya kuyarudia. Kinachonishangaza ni jinsi wahakiki walivyolipita jambo hili haraka, kana kwamba chanzo ni aibu inayopaswa kufichwa chini ya mkeka. Wengine hukimbilia falsafa ya utu na wema ya mwandishi. Wengine hutaja chanzo katika sentensi moja na kuendelea.

Tukiziweka hadithi hizo mbili bega kwa bega tunaona kazi ilivyofanyika. Katika Alfu Lela Ulela, Harun al-Rashid anagundua kwamba kodi ya Basra imechelewa na anamtuma mjumbe kwa liwali Abdullah. Mjumbe, akiwa mgeni, anaona usiku liwali akiwachapa mbwa wawili kisha akiwabembeleza na kuwalisha. Kwa Shaaban Robert, mfalme ni Rai wa Ughaibu, mjumbe ni Ikibali, liwali ni Adili wa Janibu, na wanaochapwa ni manyani, ambao ni nduguze Hasidi na Mwivu. Mji uliogeuka mawe upo kotekote. Wivu wa ndugu upo, na kutoswa baharini kupo.

Msomaji makini atapinga kwamba kisa cha aina hii kingeweza kumfikia Shaaban Robert kwa mdomo, kwani pwani ya Tanga na Unguja haikuwa na uhaba wa wasimulizi. Na kweli, mapema katika mkusanyo kuna kisa pacha cha mwanamke anayewachapa mbwa wawili ambao ni dada zake, na hicho kimesambaa. Lakini kisa cha dada hakina liwali wala kodi wala mjumbe wa mfalme. Fremu hiyo ya utawala inapatikana katika hadithi ya Abdullah bin Fadil, ambayo imewekwa karibu na mwisho wa mkusanyo mzima, mbali na vile visa vinavyopendwa barazani. Mtu haifikii kwa bahati. Huifikia akiwa na kitabu kirefu mbele yake, na akiwa na nafasi ya kukifungua pale anapotaka na kukirudia. Sijaribu kuamua alisoma toleo lipi wala kwa lugha gani. Ninachodai ni kwamba mpangilio wa matukio, jinsi ulivyofuatana, unaonyesha jicho lililorudi kwenye ukurasa.

Kisha kuna mwisho. Katika hadithi ya kale ndugu wa Abdullah, wakiisha kurudishiwa umbo la kibinadamu, wanajaribu tena kumuua. Shaaban Robert ameukataa mwisho huo: Hasidi na Mwivu wanajuta, wanasamehewa, na nyumba inapona. Tofauti hii ndiyo inayoifanya Adili kuwa kitabu cha watoto, na pia ndiyo inayoifanya kuwa yake. Ili kuugeuza mwisho kwa makusudi ilibidi mwisho wa kale uwe umesimama mahali fulani, hausogei. Masimulizi ya mdomo hubadilika yenyewe, msimulizi asijue amebadili nini. Maandishi yaliyofungwa katika nakala humlazimisha anayeyapinga ajue anapinga nini.

Mfano wa Muhammad Said Abdulla ni mwepesi zaidi, nao ninautaja kwa kupita. Riwaya yake Mzimu wa Watu wa Kale ilishinda shindano la uandishi la East African Literature Bureau la 1957–58, ikachapwa mwaka 1960, na mpelelezi wake Bwana Msa na kiko chake amemfanya kila mhakiki amkumbuke Sherlock Holmes. Riwaya ya upelelezi ya Kiswahili ilianza hapo, Zanzibar, kutokana na msomaji mmoja na vitabu vya wageni.

Hapa ndipo ninapotofautiana na Ngũgĩ wa Thiong'o. Katika kitabu chake cha mwaka 1986 kuhusu kuikomboa akili, analalamika kwamba shule ya kikoloni iliwaondoa Sungura, Chui na Simba katika ulimwengu wake wa kubuni ikamwekea Jim Hawkins, Oliver Twist na Tom Brown. Kuhusu lugha aliyofundishiwa, ana haki kabisa. Lakini picha yake ya kuondoka huyu na kuingia yule haiendani na historia ya Kiswahili. Jim Hawkins alikuwa akizungumza Kiswahili tangu mwaka 1929 katika Kisiwa chenye Hazina, tafsiri ya riwaya ya Stevenson, jirani na Mashimo ya Mfalme Sulemani, tafsiri ya riwaya ya Haggard iliyotoka mwaka huohuo. Sungura naye alikuwa amechapwa kabla yao wote, katika mkusanyo wa ngano za Zanzibar alioutoa Edward Steere London mwaka 1870, pamoja na yule kima aliyemdanganya papa kwamba moyo ameuacha mtini. Walikaa kabati moja. Mtoto aliyefungua kabati hakuombwa cheti cha uraia wa mhusika. Najua kwamba Haggard anawadharau Waafrika, na kwamba tafsiri hazikufuta dharau hiyo. Kitabu kinaweza kuwa na sumu na bado kikazaa. Tena waandishi walioikataa sumu hiyo waliikataa wakiwa wameisoma.

Pingamizi zito zaidi linatoka kwenye rafu ileile. Elisi katika Nchi ya Ajabu, tafsiri ya Kiswahili ya hadithi ya Lewis Carroll, ilitoka mwaka 1940 kwa Sheldon Press, ikiwa na michoro iliyomwonyesha Elisi kama msichana wa Kiafrika. Ilichapwa, na ilirekebishwa imfae mtoto wa hapa, zaidi ya ilivyofanyiwa Alfu Lela Ulela. Mbona haikuzaa? Jibu langu la kwanza ni kwamba kuchapwa ni sharti tu, hakutoshi peke yake. Sijadai kwamba kila kitabu huzaa. La pili linanipendeza zaidi. Mwaka 2015 Ida Hadjivayanis, mwanazuoni aliyezitafiti tafsiri za nathari ya Kiswahili, alitoa tafsiri mpya, Alisi Ndani ya Nchi ya Ajabu. Miaka 75 imepita kati ya Elisi na Alisi. Katika miaka hiyo hakukuwa na mradi wala mfadhili wa kuilinda tafsiri ya kwanza, na bado ilisalia, inasomeka, inahakikika. Je, programu ya simu iliyotengenezwa mwaka 2010 bado inafunguka?

Watetezi wa kioo watanielekeza kwenye African Storybook, inayotoa hadithi kwa lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kikiwamo, kwa leseni huria. Mradi huo ninauheshimu kuliko karibu wote wa aina yake, na sababu ndiyo inayotia nguvu hoja yangu: leseni yake inamruhusu yeyote kuzichapa hadithi hizo na kuzigawa. Waanzilishi wake walijua kwamba hadithi inapaswa kuweza kuondoka nyumbani. Hadithi za kishikwambi cha shule haziondoki. Hukaa ndani ya kifaa, kifaa hufungiwa ofisini kwa hofu ya wezi, na siku betri inapokufa hufa nacho.

Nadiriki kusema basi, nikijua nakwenda mbali kuliko mifano yangu michache inavyoruhusu, kwamba hatutapata Adili mwingine kutoka kwa kizazi kitakachosomeshwa kwa vifaa pekee. Watoto hao hawatakuwa wajinga. Watakachokosa ni nakala ya kubaki nayo baada ya mwalimu kukusanya mashine. Hoja hii ina kipimo chake. Wizara inayonunua vishikwambi itenge sehemu ya bajeti hiyohiyo kuchapa kwa karatasi ya bei nafuu hadithi zilizomo ndani yake, mwanafunzi aruhusiwe kwenda nazo nyumbani na asidaiwe kuzirudisha. Stevenson alifariki mwaka 1894 na Haggard mwaka 1925. Kazi zao asilia hazimdai mtu senti, na tafsiri mpya za Kiswahili zinaweza kuanza kesho.