Rojo la Idli na Kipimo cha Mkaza Mwana

Katika nyumba nyingi za Kusini mwa India kuna sufuria inayolala jikoni ikiwa nusu na kuamka ikiwa imejaa. Ndani yake mna rojo la mchele na urad, kunde ndogo nyeusi iliyo ndugu wa choroko. Nafaka hizo zimelowekwa mchana na kusagwa jioni, rojo likatiwa chumvi na kuachwa lichachuke lenyewe bila hamira. Asubuhi rojo hilo huwa idli, vikate vyeupe laini vya kupikwa kwa mvuke, au dosa, inayotandazwa juu ya chuma cha moto ikawa nyembamba kuliko chapati ya maji. Anayeloweka mchele wa vitumbua usiku huko Tanga au Lamu hahitaji kuelezwa zaidi. Kinachohitaji maelezo ni mzigo uliowekwa juu ya sufuria hiyo. Bibi arusi akiingia kwa wakwe zake, rojo ni mojawapo ya mambo anayopimwa kwayo: limeumuka au limelala, limesagwa nyumbani au limenunuliwa, idli imetoka laini au imekuwa ngumu. Anayepima husema anailinda mila ya kale. Hoja yangu ni kwamba mila hiyo, kwa umbo tunaloliona leo, haina ukale unaodaiwa. Idli ya kila asubuhi katika nyumba ya mtu wa kawaida ni mtoto wa karne ya 20: imezaliwa na mota ya umeme, mchele wa mgao na hoteli za mjini. Kilicho cha kale kweli ni desturi ya kumkabidhi mwanamke aliyeingia mwisho kazi iliyo nzito kuliko zote.

Tuanze na maandishi, maana ndiyo anayoyashika kwanza kila anayetaka kuthibitisha ukale wa idli. Jina lipo. Katika Vaddaradhane, kitabu cha Kikannada cha karibu mwaka 920, iddalige imo miongoni mwa vyakula anavyoandaliwa mgeni. Karibu mwaka 1025 Chavundaraya wa Pili, katika Lokopakara, anaeleza namna ya kuitengeneza: urad ilowekwe katika mtindi uliopigwa, isagwe laini kabisa, kisha ichanganywe na maji ya mtindi na viungo, mvuje ukiwa mmojawapo. Manasollasa, kitabu cha Kisanskriti cha mfalme Someshvara wa Tatu cha karibu mwaka 1130, nacho kina iddarika ya urad, tena kina dhosaka, jina ambalo mtu yeyote atalisikia ndani ya dosa. K. T. Achaya, mtaalamu wa historia ya vyakula vya India, aliyasoma maandishi hayo kwa jicho la mpishi akaona kwamba mambo matatu hayamo: hamna mchele, hamna kuliacha rojo lichachuke kwa saa nyingi, na hamna mvuke. Hayo ndiyo yanayoifanya idli iwe idli. Achaya alikwenda mbele zaidi akadhani kwamba kuchachua na kupika kwa mvuke kuliletwa na wapishi waliofuatana na wafalme wa Kihindu kutoka Indonesia. Dhana hiyo siifuati. Huko Ramassery, kijiji cha Palakkad katika jimbo la Kerala, idli bado inapikwa juu ya kitambaa kilichotandazwa mdomoni mwa chungu chenye maji yanayochemka. Ufundi mwepesi kiasi hicho hauna haja ya kuvuka bahari. Lakini usomaji wake wa vitabu vyenyewe unasimama.

Msomaji makini atapinga hapo. Vitabu hivyo viliandikwa na watu wa majumba ya wafalme na wanazuoni wa dini. Ni nani kati yao aliyeingia jikoni kwa mkulima kuona alichosaga? Kukosekana kwa mchele katika kurasa tatu hakuthibitishi kwamba haukuwa chunguni. Pingamizi hilo ni la haki na ninalikubali nusu yake. Inawezekana kabisa kwamba wanawake fulani wa Kitamil au wa Kikannada walichanganya mchele na urad muda mrefu kabla ya mtu yeyote kuona haja ya kuliandika jambo hilo. Lakini hoja yangu haisimami juu ya siku idli ilipozaliwa. Inasimama juu ya mazoea: ni lini imekuwa chakula ambacho nyumba ya kawaida hukitarajia siku baada ya siku, hata kikikosekana lawama impate mtu? Kwa swali hilo ushahidi hauko kwa wafalme. Uko katika mchele na katika jiwe.

Kwa sehemu kubwa ya watu wa vijijini vya Tamil Nadu, chakula cha asubuhi kilikuwa uji wa mawele, ugali wa ulezi, au wali kiporo uliolazwa kwenye maji ukachachuka. Wali wenyewe ulikuwa heshima. Idli ilikuwa ya Deepavali, ya arusi, ya mgeni mkubwa, ya hekalu. Mjini Kanchipuram idli ya hekalu la Varadaraja Perumal, yenye pilipili manga na tangawizi kavu, hupikwa katika kikapu cha mwanzi kilichotandikwa majani, na ni sadaka kabla ya kuwa kifungua kinywa. Familia zenye mashamba ya mpunga na za Kibrahmini ziliila mara nyingi zaidi, sikatai. Wengine hawakuwa na mchele wa kuchezea, wala hawakuwa na mikono ya kuusaga kila siku.

Kusaga huko kunastahili kuangaliwa kwa karibu. Jiwe lenyewe, aattukal kwa Kitamil, ni gogo la mawe magumu lenye shimo katikati, na ndani ya shimo hilo hukaa jiwe jingine lenye umbo la yai, refu kiasi cha kushikwa kwa kiganja kizima. Mwanamke huketi chini, mguu mmoja ameunyoosha, mkono wa kulia ukilizungusha yai hilo na wa kushoto ukirudisha shimoni rojo linalopanda kingoni, akinyunyiza maji kidogo kidogo. Mikono miwili, kazi mbili tofauti, na akikosea mpigo vidole vinabanwa. Urad husagwa kwanza mpaka iwe povu zito. Ukidondosha tone lake kwenye bakuli la maji likaelea, imefika. Kisha mchele, unaoachwa na chenga kidogo. Kwa familia kubwa hiyo ni saa nzima ya bega na kiuno, wakati mwingine zaidi, baada ya kazi nyingine zote za siku. Katika nyumba za wenye uwezo kazi hiyo ilifanywa na mtumishi wa kike. Katika nyumba nyingine ilimwangukia mkaza mwana, na hasa mgeni kuliko wote.

Jiwe na ndoa vilikuwa vimekwisha kuunganishwa hata kabla bibi arusi hajalishika. Katika arusi ya Kihindu ya Kitamil bwana arusi huuinua mguu wa bibi arusi, akauweka juu ya ammi, jiwe bapa la kusagia viungo, akamvisha pete za fedha vidoleni mwa mguu. Maana inayotolewa ni uthabiti, kwamba mke awe imara kama jiwe. Mtu anaweza kusema ni ishara tu. Lakini ishara hiyo ilichaguliwa kutoka vitu vya nyumbani, na kitu kilichochaguliwa ni chombo cha kazi ambayo mguu huo ungekwenda kuichuchumalia kesho yake.

Na hapa kuna ushahidi ambao watetezi wa mila huupita haraka. Walioieneza idli na dosa katika miji ya India, na kuzifanya chakula cha kutamaniwa kila asubuhi, walikuwa wanaume. Wapishi wa Kibrahmini kutoka Udupi na vijiji vya jirani walifungua hoteli Madras (Chennai ya leo), Bangalore na Bombay katika nusu ya kwanza ya karne ya 20. Mavalli Tiffin Rooms ya Bangalore ilianza mwaka 1924, na ni hapo, mchele ulipoadimika wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, inaposimuliwa kwamba idli ya semolina ilibuniwa. Nyuma ya hoteli hizo rojo lilisagwa na wanaume na wavulana, kwa ujira, kwenye mawe yaleyale. Hakuna mteja aliyelalamika kwamba halikuumuka kwa sababu mkono haukuwa wa mwanamke. Mteja akarudi nyumbani na ladha ya hoteli ulimini, naye akaitaka kwa mke wake.

Mengine yalifuata upesi. Mwaka 1955 P. Sabapathy wa Coimbatore alibuni mashine ya kusagia rojo kwa mota, jiwe likibaki jiwe na bega likipumzishwa. Za mwanzo zilikuwa kubwa, za kufaa hoteli, baadaye zikaja za kuwekwa mezani. Mwaka 1967 chama cha DMK kilishika madaraka katika jimbo la Madras, Tamil Nadu ya leo, baada ya kuahidi mchele wa bei nafuu, nazo mbegu mpya za mpunga zenye mazao mengi zikaanza kusambaa katika miaka hiyohiyo. Mchele mgumu wa kadi ya mgao, ambao wengi hawaupendi kwa wali, unafaa sana kwa idli. Friji ikaliwezesha rojo la siku moja kudumu siku nne au tano. Mwaka 2011 serikali ya Tamil Nadu chini ya J. Jayalalithaa ilianza kuwagawia bure wanawake wa familia zenye kadi mashine ya kusagia rojo, blenda na feni. Ndani ya miaka sitini hivi chakula cha sikukuu kilikuwa kimegeuka haki ya kila mwenye njaa saa moja asubuhi.

Je, mashine haikumkomboa mwanamke? Ilimwondolea maumivu ya kiuno, na anayelidharau jambo hilo hajawahi kulizungusha jiwe. Ruth Schwartz Cowan, mwanahistoria wa Marekani, alionyesha katika kitabu chake cha mwaka 1983 jinsi mashine za nyumbani nchini kwake zilivyopunguza uzito wa kazi bila kupunguza saa za mama wa nyumbani, kwa kuwa kiwango cha kinachotarajiwa kilipanda pamoja nazo. Kwa rojo ndivyo ilivyokuwa. Idli ya mara chache kwa mwaka ikawa ya mara nne kwa wiki. Mashine yenyewe ikaingia katika vyombo ambavyo familia ya bibi arusi hutakiwa kumpeleka navyo kwa mumewe. Na kwa sababu kusaga sasa ni kubonyeza swichi, asiyesaga hana udhuru.

Linabaki suala la mkono. Watamil wana neno kaipakkuvam, ustadi uliomo mkononi, na katika nyumba nyingi huaminika kwamba rojo huumuka vizuri kwa mkono wa fulani na hulala kwa mkono wa mwingine. Utafiti uliochapishwa mwaka 1965 ulionyesha kwamba kiumbe kinacholiumua zaidi ni bakteria aitwaye Leuconostoc mesenteroides, naye huja na nafaka zenyewe. Utelezi wa urad hushika hewa anayoitoa. Urad iliyozeeka ghalani hupoteza nguvu hiyo. Joto la karibu nyuzi 30 humfaa. Kwa hiyo rojo la Chennai mwezi Mei hufurika kabla ya alfajiri, na rojo lilelile, kwa kipimo kilekile, huko Bangalore mwezi Januari linaweza kuhitaji saa 14 au zaidi. Msichana aliyefundwa na mama yake Chennai akaolewa Bangalore atashindwa kwa kufuata kila alichofundishwa, na kifuniko kikifunuliwa asubuhi mama mkwe atasema ni mkono wake.

Mama mkwe naye ana la kujibu, na ni jibu zito. Yeye pia aliingia nyumba ya watu akiwa msichana, akapimwa, akajifunza kujua kwa kunusa kama rojo limeiva, kwa kugusa kama urad imesagika. Ni maarifa ya kweli, yasiyoandikwa popote, na pengine ndicho kitu pekee ambacho nyumba ile ilimpa mamlaka juu yake. Akiona mkaza mwana analeta rojo la mfuko, mfano wa lile ambalo kampuni ya iD Fresh ilianza kuliuza Bangalore mwaka 2005, anahisi linalotupwa si rojo peke yake. Siwezi kumlaumu kwa hofu hiyo. Nyumba ikinunua kila kitu, pua hiyo haitarithiwa na mtu.

Lakini jinsi ya kurithisha ndiyo inayohitaji kuangaliwa upya. Uchunguzi wa serikali ya India wa mwaka 2019 kuhusu matumizi ya muda ulikuta kwamba wanawake wanaofanya kazi za nyumbani zisizolipwa walizitumia dakika 299 kwa siku, na wanaume wanaozifanya dakika 97. Tena wanaozifanya kabisa walikuwa wanawake 81 katika kila 100, na wanaume 26. Maarifa ya rojo yanapitishwa kwa mgeni, kwa mtihani, chini ya macho ya watu asiowazoea, ilhali katika nyumba hiyohiyo yumo mtu aliyekula rojo hilo tangu meno ya utotoni. Anajua harufu yake siku lilipofika na siku lilipopita. Anajua sauti ya mashine ya mama yake urad inapokuwa povu. Hana haja ya kuzoeshwa ladha ya nyumba, kwa kuwa ndiyo ladha iliyomlea. Mama mwenye hofu kwamba ustadi wake utazikwa naye anaweza kumwita mwanawe jioni hiyohiyo, ampe bakuli la maji, na kumwonyesha tone linavyoelea.