Siku za Nani? Historia Fupi ya Juma la Kazi

Katika somo la majina ya siku, mwanafunzi mmoja anayetoka Dadamu, kando ya mji wa Arua, aliuliza swali lililotuweka darasani hadi kipindi kikaisha. Alikuwa amesoma kwamba mwaka 2022 kampuni 61 za Uingereza zilijaribu juma la kazi la siku 4 bila kupunguza mshahara. "Mwalimu," akasema, "baba yangu hulipwa kwa siku. Akikaa nyumbani siku ya tano, nani atamlipa?" Tumeona vyema kulijadili swali hilo hapa, kwa kuwa linagusa historia yetu na maneno tunayoyafundisha kila muhula.

Tuanze na majina yenyewe. Anayejua Kiganda hutatizika, kwani Kiganda huiita Jumanne siku ya pili, na Ijumaa siku ya tano. Hesabu hiyo huanzia siku ya kuingia kazini. Hesabu ya Kiswahili huanza baada ya Ijumaa: Jumamosi ni ya kwanza, Jumapili ya pili, Jumatatu ya tatu. Juma la Kiswahili lilipangwa kwa kufuata siku ya sala, si siku ya kazi.

Siku hiyo ya sala ilikuwa na maana nyingine katika mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba karne ya 19. Kwa kawaida mtumwa alimfanyia bwana wake kazi siku 5. Alhamisi na Ijumaa zilikuwa zake. Msomaji anaweza kudhani hiyo ilikuwa huruma. Kumbe katika siku hizo 2 mtumwa alilima konde yake ya muhogo, akajilisha mwenyewe, na bwana akapunguziwa gharama ya chakula. Baada ya amri ya Aprili 1897 iliyoondoa hadhi ya kisheria ya utumwa, wengi waliobaki mashambani waliingia katika mapatano ya kumfanyia mwenye shamba kazi siku 3 kwa juma, badala ya kulipia makazi na konde. Siku 5 zikawa 3. Uzuri wa juma fupi kwao haukuwa kulala, bali kupata muda wa kulima chakula chao.

Kwetu West Nile mambo yalikwenda kinyume. Eneo hili liliunganishwa na Uganda mwaka 1914, na Arua ikawa makao ya utawala. Kabla ya hapo kazi nzito ya kulima ilifanywa kwa kuitana majirani, na mwenye shamba aliwaandalia pombe. Mvua ndiyo iliyopanga siku. Kisha ikaja kodi ya fedha taslimu, na fedha ilikuwa mbali. Wanaume wa Kilugbara wakaenda kusini, kwenye mashamba ya miwa ya Lugazi na Kakira na kwa wakulima wa Buganda. Wengine wakaingia jeshi la King's African Rifles, yaani Keya, wakarudi na Kiswahili cha kambini. Aliyekuwa Kakira hakuweza kulima shamba lake la Arua siku ya Jumapili. Alipewa siku ya kupumzika, lakini siku hiyo haikumwongezea kitu ghalani.

Tofauti hiyo ilionekana pia katika mashamba ya mkonge ya Tanganyika. Huko mfanyakazi alipewa kipande, kadi ya siku 30 za kazi, na mshahara ulitolewa siku hizo zilipotimia, hata kama mwezi wa kalenda ulikwisha zamani. Wenyeji wa karibu waliweza kuacha kazi siku moja wakapalilia mashamba yao, wakarudi kesho yake. Manamba walioletwa kutoka mbali, walioitwa hivyo kwa sababu ya namba, hawakuwa na shamba la kukimbilia. Na kibarua, kama jina lake linavyoonyesha, alikuwa mtu wa barua ndogo: cheti cha kazi ya siku moja, na malipo ya siku moja.

Sheria zilikuja baadaye. Mkataba wa kwanza wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1919, uliweka ukomo wa saa 8 kwa siku na 48 kwa juma viwandani. Mkataba wa mwaka 1935 ukaleta lengo la saa 40. Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 nayo inataja saa 48, na siku ya mapumziko baada ya siku 6 mfululizo. Lakini kumpa mtu siku ni jambo moja, na kuilipia siku hiyo ni jambo jingine.

Basi jibu letu kwa mwanafunzi wetu ni hili: baba yako hakosi kuelewa uzuri wa juma fupi. Anauliza swali lile lile walilouliza watu wa Unguja, wa Tanga na wa Kakira: siku iliyopunguzwa ni ya nani, na chakula chake kinatoka wapi?

Tunawaomba walimu wa Arua na Koboko wawatume wanafunzi kwa wazee waliowahi kufanya kazi kusini, waandike maneno waliyoyatumia kwa siku ya kazi, siku ya malipo na siku ya kukaa bure. Wazee hao wanapungua kila mwaka, na maneno yao huondoka pamoja nao.