Piyush Pandey: Mtangazaji aliyeifundisha biashara ya India kusema lugha ya mtaani

Na Mwandishi Wetu

KWA miaka mingi, aliyetaka kuuza sabuni, rangi au pikipiki nchini India alianza kwa kuliandika tangazo lake kwa Kiingereza. Mifano ya kuigwa ilitoka London na New York, na waandishi wake wengi walikuwa wamelelewa katika shule za Kiingereza za miji mikubwa. Kazi ilipokamilika ndipo alipotafutwa mtu wa kuitafsiri kwa Kihindi, ili nayo iwafikie walio wengi. Matokeo yake yalikuwa maneno sanifu ambayo hakuna mtu aliyeyasema nyumbani kwake.

Miongoni mwa waliovunja mazoea hayo, jina linalotajwa kwanza ni la Piyush Pandey, mtunzi wa matangazo na mshauri wa chapa za biashara aliyefariki dunia Oktoba 24, 2025 mjini Mumbai, akiwa na umri wa miaka 70. Kwa zaidi ya miaka 40 alifanya kazi katika wakala mmoja tu wa matangazo, Ogilvy, na katika muda huo alitunga kaulimbiu zilizotumika kuuza gundi, chokoleti na rangi za nyumba, kuwahimiza wazazi kuwapeleka watoto kwenye chanjo, na hatimaye kumwombea kura kiongozi wa taifa hilo.

Makuzi ya Jaipur

Pandey alizaliwa Septemba 5, 1955 mjini Jaipur, makao makuu ya jimbo la Rajasthan, kaskazini magharibi mwa India. Alikuwa mmoja wa watoto tisa, wasichana saba na wavulana wawili. Sanaa haikuwa ngeni katika familia hiyo. Dada yake, Ila Arun, alikuja kuwa mwimbaji mashuhuri wa nyimbo za kienyeji na za filamu, na mdogo wake, Prasoon Pandey, akawa mwongozaji wa filamu za matangazo. Ndugu hao wawili wa kiume walishirikiana katika kazi nyingi zilizompatia kaka umaarufu. Mmoja akiandika, mwingine akiongoza upigaji picha.

Alisoma somo la historia katika Chuo cha St. Stephen's mjini Delhi. Hata hivyo, mapenzi yake ya kwanza yalikuwa mchezo wa kriketi, na aliichezea Rajasthan katika michuano ya Ranji, mashindano makuu yanayozikutanisha timu za majimbo ya India. Kabla ya kuingia katika fani iliyompa jina alipata pia kufanya kazi ya kuonja chai, kazi ambayo katika ukanda wetu inafahamika kutokana na mnada wa chai wa Mombasa: mtu hunywa funda dogo, hulitema, kisha huamua ubora na bei.

Rafiki yake wa kriketi, Arun Lal, aliyepata kuichezea timu ya taifa ya India, ni miongoni mwa waliomshawishi kujaribu kazi ya matangazo, kwa kuwa alikuwa na kipaji cha kuzungumza na kuchekesha.

Aingia kwa mlango wa nyuma

Mwaka 1982 Pandey aliajiriwa na Ogilvy, wakati huo ikijulikana kama Ogilvy & Mather. Hakuajiriwa kuwa mwandishi. Alipangiwa idara ya kuwahudumia wateja, ambayo kazi yake ni kupokea matakwa ya kampuni inayotaka kutangazwa, kuyafikisha kwa wabunifu na kurudisha majibu.

Lakini Kihindi chake kilikuwa cha mtu aliyekulia katika lugha hiyo, jambo lisilokuwa la kawaida katika ofisi iliyoendesha shughuli zake kwa Kiingereza. Taratibu alianza kuombwa msaada wa maneno. Tangazo lake la kwanza lilikuwa la sabuni ya kufulia ya Sunlight. Baadaye aliitungia kaulimbiu pikipiki ndogo ya Luna, chombo cha mtu wa kipato cha chini, kwa maneno mepesi ambayo mwenye chombo angeweza kukiambia chombo chake asubuhi anapokiwasha.

Ilimchukua takriban miaka sita kuhamia rasmi upande wa ubunifu. Mwaka 1994 alikuwa amekwishapanda hadi kuwa mkurugenzi wa ubunifu wa kitaifa wa wakala huo.

Wimbo uliounganisha lugha 14

Kazi iliyomtambulisha haikuuza bidhaa yoyote. Agosti 15, 1988, siku ya kumbukumbu ya uhuru, televisheni ya taifa ya India, Doordarshan, ilirusha kwa mara ya kwanza wimbo wa Mile Sur Mera Tumhara. Wazo la kutengeneza filamu hiyo fupi ya umoja wa kitaifa lilisimamiwa na Suresh Mallik, aliyekuwa bosi wa Pandey, na sauti ya kwanza kusikika ndani yake ni ya mwimbaji mkongwe Bhimsen Joshi.

Mashairi ya Kihindi yaliandikwa na Pandey, ambaye rasimu zake nyingi zilikataliwa kabla ya moja kukubaliwa. Maneno yake machache yalirudiwa katika lugha 14 za India, yakiimbwa na kuigizwa na wanamuziki, waigizaji, wanamichezo na wananchi wa kawaida. Kwa kuwa wakati huo nyumba nyingi zilikuwa na kituo kimoja tu cha televisheni, wimbo huo ulisikika nchi nzima, na Wahindi waliokuwa watoto miaka hiyo wanaukumbuka hadi leo.

Gundi ya maseremala

Kama kuna bidhaa moja inayoonyesha namna Pandey alivyofanya kazi, ni gundi ya Fevicol. Gundi hiyo nyeupe ya kampuni ya Pidilite ilianza kuuzwa mwaka 1959 kwa maseremala, ambao kabla ya hapo walizoea gundi ya kuchemshwa iliyotokana na mafuta na mabaki ya wanyama. Ilikuwa bidhaa ya karakana, ambayo mwenye nyumba hakuwa na sababu ya kuijua kwa jina.

Pandey na wenzake hawakueleza kemikali zilizomo wala kuonyesha mbao zikivutwa na mashine. Walitumia mzaha. Katika tangazo moja, kuku anayekula kutoka katika kopo la Fevicol anataga yai ambalo mpishi anashindwa kulipasua. Katika jingine, lililoongozwa na Prasoon na kushinda tuzo ya Simba wa Fedha katika tamasha la Cannes mwaka 2002, basi lililojaa watu hadi juu ya paa na ubavuni linapita katika barabara mbovu ya nchi kame ya Rajasthan. Linarushwa huku na huku, lakini hakuna anayeanguka. Linapopita, mtazamaji anaona nyuma yake bango la Fevicol. Hakuna neno linalosemwa.

Tangazo hilo halikuhitaji tafsiri, kwani kila Mhindi alikwisha kupanda au kuliona basi la aina hiyo. Kichekesho kilikuwa mali ya mtazamaji kabla hakijawa mali ya kampuni.

Kwa gundi nyingine ya kampuni hiyo, Fevikwik, mvuvi wa kisasa mwenye vifaa kamili anakaa kimya kando ya maji bila kupata kitu. Anatokea mwanakijiji mwenye fimbo, anaipaka matone machache ya gundi, anaitumbukiza majini na kuinua samaki wakiwa wamenasa. Mtaalamu anabaki ameduwaa.

Chokoleti ya watu wazima

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, chokoleti nchini India ilihesabika kuwa kitu cha mtoto. Mtu mzima aliyeila hadharani alionekana amekosa haya. Kampuni ya Cadbury ilitaka kubadili fikra hiyo, na jibu la Pandey likawa filamu ya mwaka 1994 iliyopigwa katika uwanja wa kriketi. Mchezaji anapiga mpira unaovuka mpaka, na msichana aliyekuwa jukwaani akila chokoleti anaruka uzio, anamkwepa mlinzi na kuingia uwanjani akicheza ngoma kwa furaha isiyojali anayemtazama.

Tangazo lilisema jambo moja: furaha ya namna hiyo haina umri. Mwaka 2021 Ogilvy ililitengeneza upya kwa kubadilisha nafasi za wahusika. Safari hii mchezaji ni mwanamke, na anayekimbilia uwanjani akicheza ni mwanamume. Mabadiliko hayo madogo yalionyesha umbali ambao kriketi ya wanawake ilikuwa imefika katika robo karne.

Kwa kampuni ya rangi ya Asian Paints, Pandey aliandika mashairi yaliyojengwa juu ya wazo kwamba kila nyumba ina jambo inalolisema kuhusu watu waishio ndani yake. Na ni chini ya uongozi wake ambapo Ogilvy India ilitoa tangazo la mbwa mdogo anayemfuata mtoto kila aendako, lililoitangaza kampuni ya simu ya Hutch mwaka 2003. Hutch ilinunuliwa mwaka 2007 na Vodafone, kampuni ambayo wasomaji wa Tanzania wanaifahamu kwa uhusiano wake na Vodacom.

Hasira ya Amitabh

Kazi yenye uzito kuliko zote ilihusu maisha ya watoto. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 India ilikuwa bado kitovu kimojawapo cha ugonjwa wa polio duniani. Chanjo ilikuwapo, haikuwa na malipo, na ilitolewa kwa matone mawili tu mdomoni. Tatizo lilikuwa wazazi wasiofika vituoni.

Pandey aliandika matangazo ya kampeni hiyo yaliyomtumia mwigizaji Amitabh Bachchan. Mwanzo mwigizaji huyo aliwasihi wazazi kwa upole, na mwitikio haukuridhisha. Ndipo ilipoamuliwa abadili sauti na kuwakaripia, kama alivyozoeleka katika filamu za ujana wake alizocheza kijana mwenye hasira. Pandey alisimulia mara kadhaa kwamba baadhi ya kina mama waliofika vituoni baada ya hapo walieleza kuwa wamekuja kwa sababu Bachchan amekasirika.

Ni kweli kwamba ushindi dhidi ya polio haukuletwa na televisheni peke yake. Nyuma yake kulikuwa na mamia ya maelfu ya watoa chanjo waliopita nyumba hadi nyumba, viongozi wa dini waliokubali kushirikiana na serikali, na fedha nyingi. Lakini takwimu zinaeleza ukubwa wa kilichotokea. Mwaka 2009 India ilikuwa na wagonjwa 741 wa polio, mwaka 2010 walikuwa 42, na mwaka 2011 alipatikana mmoja tu, katika jimbo la West Bengal. Machi 27, 2014 Shirika la Afya Duniani liliithibitisha kanda nzima ya Kusini Mashariki mwa Asia, ikiwamo India, kuwa huru na ugonjwa huo.

Kaulimbiu ya Modi

Mwaka huohuo, kipaji kilekile kilitumika katika siasa. Pandey alikuwa amekwishafanya kazi ya kulitangaza jimbo la Gujarat kwa watalii, akimtumia tena Bachchan, wakati Narendra Modi akiwa waziri kiongozi wa jimbo hilo. Katika uchaguzi mkuu wa 2014, chama cha BJP kilihudumiwa na Soho Square, wakala dada wa Ogilvy, na Pandey akatunga kaulimbiu ya "Ab ki baar, Modi sarkar", yaani safari hii, serikali ya Modi.

Maneno hayo yalikuwa mafupi, yenye vina, na rahisi kugeuzwa kuwa utani. Wananchi waliyageuza kwa maelfu, na kila utani ukawa tangazo jingine la bure. BJP ilipata viti 282 kati ya 543, ikiwa ni mara ya kwanza kwa chama kimoja kupata wingi wa viti peke yake tangu uchaguzi wa 1984.

Kazi hiyo iliacha swali ambalo halikumhusu Pandey peke yake. Mtu asiyependezwa na chokoleti hupoteza shilingi chache. Aliyechagua serikali kwa sababu ya kaulimbiu tamu huishi nayo miaka mitano.

Lawama na tuzo

Ogilvy India haikukosa kuteleza chini ya uongozi wake. Mei 2014 wakala huo uliomba radhi kwa Malala Yousafzai na familia yake, baada ya tangazo la magodoro ya Kurl-On kuonyesha mchoro wa binti huyo wa Pakistan akipigwa risasi, akidunda juu ya godoro na kuinuka tena kupokea tuzo. Tukio hilo lilionyesha kwamba ucheshi, ambao ndio uliokuwa silaha kuu ya nyumba hiyo, una mipaka yake.

Kwa upande wa heshima, mwaka 2004 Pandey alikuwa Mwasia wa kwanza kuwa rais wa jopo la majaji katika tamasha la matangazo la Cannes. Mwaka 2016 serikali ya India ilimtunuku nishani ya Padma Shri. Mwaka 2018 yeye na Prasoon walipewa kwa pamoja tuzo ya Simba wa Mtakatifu Marko, ambayo Cannes huitoa kwa mchango wa maisha yote, na mwaka 2019 akashika wadhifa wa afisa mkuu wa ubunifu wa Ogilvy duniani kote. Kitabu chake cha kumbukumbu, Pandeymonium, kilichapishwa mwaka 2015. Alionekana pia katika filamu ya Madras Cafe ya mwaka 2013.

Mwishoni mwa 2023 aliachia uenyekiti mtendaji wa Ogilvy India na kubaki mshauri mkuu, nafasi aliyokuwa nayo hadi kifo chake.

Somo aliloliacha linawahusu wote wanaozungumza na umma kwa lugha ya kuazima. Matangazo yake hayakufanikiwa kwa sababu tu yaliandikwa kwa Kihindi, kwani tafsiri za Kihindi zilikuwapo kabla yake. Yalifanikiwa kwa sababu yalifikiriwa kwa Kihindi tangu mwanzo, na mtu aliyepata kupanda basi lile.