Matakwa na Mahitaji katika Huduma Inayomlenga Mtu

Huduma inayomlenga mtu ni namna ya kumsaidia mlemavu, mgonjwa wa siku nyingi au mzee kwa kuanzia maisha anayoyataka mwenyewe. Ugumu wake hujitokeza pale anachokitaka kinapogongana na usalama au afya yake.

Mashariki ya Kongo vipo vituo vya walemavu kama Heri Kwetu cha Bukavu na Shirika la Umoja la Goma, lakini walio wengi hutunzwa nyumbani, na ukoo na jumuiya ya kanisa. Ndivyo ilivyo Mikelenge, komini ya mji wa Kindu iliyo pamoja na Kasuku upande wa magharibi wa mto Lualaba. Komini ya tatu, Alunguli, iko ng'ambo, na watu huvuka kwa mitumbwi. Tuseme mama asiyeweza kutembea anataka kwenda Alunguli kumzika ndugu yake. Watoto wanaogopa maji: "Mama, ubakie tu, sisi tutaenda." Hofu yao ni ya haki. Ila kuzika ndugu nako ni hitaji, na anayezuiwa msibani anatengwa na watu wake. Basi wakae naye wapange: chombo kipana, koti la kujiokolea, saa ambayo mto umetulia, vijana wa kumbeba kwa namna anayoichagua yeye. Akiisha kuelewa hatari na bado akitaka, aende.

Mkristo ana mfano wa kufuata katika Marko 10. Upofu wa Bartimayo ulionekana na kila mtu, na umati ulimkaripia anyamaze; Yesu alimwita, akamuuliza anataka atendewe nini. Kwa hiyo hata maombi ya uponyaji, ambayo ni mema, yaombwe kwa ridhaa ya mhusika. Asivutwe mbele ya waumini bila kuulizwa. Hata hivyo upendo hauridhii kila ombi. Mgonjwa akiacha dawa zake, anayemhudumia amwambie ukweli waziwazi, atafute sababu, na asimwache.

Katiba ya Kongo ya 2006, kifungu cha 49, inawapa wazee na walemavu haki ya ulinzi maalumu, na sheria namba 22/003 ya 3 Mei 2022 inalinda haki za walemavu. Hata kwa sheria hizo, kamati ya parokia inayopanga msaada wa walemavu bila mlemavu hata mmoja kikaoni bado haijaanza kutoa huduma inayomlenga mtu.