Shirika la Elimu Kibaha na Majirani Zake

Tarehe 10 Januari 1970, nchi nne za kaskazini mwa Ulaya, yaani Denmark, Finland, Norway na Sweden, ziliikabidhi Tanzania kituo zilichokijenga kwa pamoja pale Tumbi, Kibaha, kando ya Barabara ya Morogoro, kilomita 40 hivi kutoka Dar es Salaam. Tangu 1963 kituo hicho kilikuwa kikiitwa Nordic Tanganyika Centre. Baada ya makabidhiano kikawa Shirika la Elimu Kibaha, mali ya umma, na jina hilo ndilo linalosomeka langoni mpaka leo.

Neno "elimu" katika jina hilo lisimpoteze msomaji. Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961 ilikuwa na madaktari wazalendo 12 tu, na watu wazima wengi hawakujua kusoma wala kuandika. Mwalimu Nyerere aliwataja maadui watatu: ujinga, maradhi na umaskini. Sehemu nyingi maadui hao waligawiwa wizara tofauti, kila moja ikapigana peke yake. Kibaha walikabiliwa kwenye ardhi moja. Ilijengwa sekondari, kikajengwa kituo cha afya, na jirani yake kikawekwa kituo cha mafunzo ya wakulima. Kwangu mimi huo ndio uamuzi mkubwa kuliko yote katika historia ya Shirika, kwa sababu familia haipati shida zake kwa mafungu. Mtoto anayetetemeka kwa malaria hasomi, na baba aliyevuna madebe mawili hana nauli ya kumpeleka hospitali ya mbali.

Sekondari ndiyo iliyopata sifa mapema. Jakaya Kikwete, mtoto wa Msoga katika mkoa huuhuu wa Pwani, alisoma hapo kuanzia 1966 hadi 1969, miaka mingi kabla ya kuwa Rais. Lakini sekondari ya bweni huchukua wanafunzi kutoka nchi nzima, na mtoto wa jirani anaweza kuishia kuitazama kwa nje. Afadhali Shirika lilikuja kuwa pia na Shule ya Msingi Tumbi, Sekondari ya Tumbi na Kibaha Wasichana.

Anayetaka kujua Shirika limewafanyia nini majirani aende hospitali ya Tumbi. Kilichoanza kama kituo cha afya kilikua hadi kuwa Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Pwani. Wajawazito wa Maili Moja, Kwa Mfipa na Mlandizi wamejifungulia pale, na watoto wao wamepimwa uzito na kuchanjwa pale. Kisha kuna barabara. Njia ya Morogoro hubeba mabasi ya mikoani na malori ya Zambia na Kongo, na basi likipinduka, majeruhi hukimbizwa Tumbi. Ndugu zao huwa wako Mbeya au Dodoma, hata nje ya nchi. Muuguzi wa Tumbi amezoea kumhudumia mtu asiye na hata mmoja wa kumletea uji asubuhi. Hospitali iliyokusudiwa kijiji imekuwa ya wasafiri, na katika kumbukumbu zote za Shirika hakuna kazi ninayoiheshimu kama hiyo.

Upande wa wakulima, kituo cha mafunzo kilikuja kuwa Chuo cha Maendeleo ya Wananchi. Vyuo vya aina hiyo Serikali ilivianzisha mwaka 1975 kwa msaada wa Sweden, na wazo lake lina asili ya mbali: lilitokana na fikra za N.F.S. Grundtvig wa Denmark, ambako chuo cha kwanza cha wananchi kilifunguliwa Rødding mwaka 1844 ili watoto wa wakulima wajifunze bila kufukuzana na mitihani. Huku kwetu fundi uashi, fundi umeme na mshonaji hupata mahali pa kuanzia hata kama cheti cha kidato cha nne hakikupatikana. Miaka ya karibuni vyuo hivi vimebeba pia mpango wa Elimu Haina Mwisho, unaowarudisha darasani wasichana waliokatishwa masomo kwa ujauzito, na watoto wao hulelewa palepale chuoni mama akiwa kwenye kipindi.

Si kila mwaka ulikuwa wa neema. Fedha za wafadhili zilipopungua na uchumi wa nchi ukayumba miaka ya 1980, Shirika lilionja shida yalizozionja mashirika mengine ya umma.

Kazi mpya sasa iko Kwala, ndani ya mkoa huohuo wa Pwani. Mwezi Julai 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua pale bandari kavu pamoja na treni ya mizigo ya reli ya kisasa, na viwanda vinajengwa jirani. Penye kontena hufika vibarua, madereva, mama lishe na bodaboda, kila mmoja na mke, mume au watoto watakaomfuata. Pwani imeshapokea wageni kabla ya hao: wafugaji walioondolewa mabonde ya Ihefu na Usangu kuanzia 2006 walielekezwa mikoa ya Pwani na Lindi, na familia zao zilifika na ng'ombe mahali ambapo kisima, zahanati na shule vilikuwa vimepangwa kwa wenyeji wachache. Ugomvi wa malisho na mashamba uliofuata ungepungua sana kama huduma zingetangulia.

Kwa hiyo, atakayepanga Kwala akae kwanza na ramani ya Tumbi ya miaka ya 1960. Mama anayehamia chumba cha kupanga anahitaji kliniki anakoweza kutembea kwa miguu na kadi ya mtoto mkononi. Mwanawe anahitaji shule itakayompokea katikati ya muhula. Mumewe, kibarua wa leo, anahitaji kozi fupi ya jioni itakayomfanya fundi wa kesho kwenye viwanda hivyohivyo. Chuo kilichopo Kibaha kina walimu wa kozi hizo, na kutoka Kwala mpaka Tumbi ni ndani ya mkoa mmoja. Darasa moja la jioni Kwala, chini ya chuo hicho, linatosha kuanzia.