Tarehe ya Mafundi Chuma wa Tanga

Hii ni tarehe ya watu walioinua chuma katika mwambao wa Tanga: waliotandika reli, waliopiga ribiti za madaraja, wanaosuka nondo za nguzo na wanaochomelea mabomba. Habari za mji huu zimeandikwa kwa majina ya maliwali, magavana na mabwana wa mkonge. Majina ya mafundi hayakuandikwa, ila kazi zao zimesimama, na anayetaka kuzijua na aanzie hapo.

Mwanzo wa habari uko milimani. Kabla meli hazijaleta chuma cha Ulaya, chuma cha upande huu kilitoka Upareni. Huko Ugweno ukoo wa Washana ndio uliojua kuyeyusha chuma kwa makaa na mivukuto, wakafua majembe na silaha, na Wachaga wakawa wateja wao wakubwa. Elimu hiyo ilikuwa mali ya ukoo, baba akimrithisha mwana. Masimulizi ya Wapare yanasema Washana waliitawala Ugweno hata Wasuya walipowapindua. Chuma cha viwanda kilipoingia kwa wingi, tanuru zikapoa. Wahunzi wakabaki kufua vyuma vilivyoyeyushwa na watu wengine, ng'ambo.

Mwaka 1893 Wajerumani walianza kujenga reli kutoka bandari ya Tanga, reli ya kwanza katika Tanganyika. Kampuni iliyoianza iliishiwa fedha. Ilifika Muheza mwaka 1896, kiasi cha kilomita 40 tu, kazi ikalala, na mwaka 1899 serikali ya kikoloni ikaichukua. Ikafika Korogwe mwaka 1902, Mombo mwaka 1905 na Moshi mwaka 1911: kilomita 352 kwa miaka 18. Mataruma yalikuwa ya chuma, maana ya mbao yangeliwa na mchwa. Reli na mataruma vilishushwa kutoka melini, vikabebwa kwa mabega ya watu, baadhi yao wakiwa wametolewa vijijini mwao si kwa hiari.

Madaraja ya zama zile hayakuchomelewa, yaliungwa kwa ribiti. Mmoja huipasha ribiti moto hadi iwe nyekundu. Mwingine huidaka na kuitia tunduni. Wa tatu huikaza kwa nyuma. Wa nne huigonga kwa nyundo mpaka ncha ifumuke na kuwa kichwa cha pili. Ikipoa hunywea, na kule kunywea ndiko kunakobana mabati mawili yasiachane tena. Kazi ile haikumtaka mtu hodari peke yake. Ilitaka watu wanne wanaoaminiana, kwa kuwa ribiti ikichelewa kidogo tu, imekwisha poa na haifai.

Vita Kuu ya Kwanza ikaja. Novemba 1914 reli hiyo ndiyo iliyowashusha askari wa Kijerumani kutoka Moshi, wakayashinda majeshi yaliyotoka India na kushukia Tanga. Mwaka 1916 Wajerumani hao hao wakarudi nyuma wakiyavunja madaraja nyuma yao, na Waingereza wakalazimika kuyainua upya. Watawala walibadilika, kazi ya kuinua chuma ikabaki ile ile, juani, juu ya maji.

Lakini reli iliacha kitu ambacho vita havikukiondoa: karakana. Injini na mabehewa yalihitaji kutengenezwa kila siku, na kwa hiyo kijana wa Tanga aliweza kuingia akiwa mfagiaji, akawa msaidizi, akatoka fundi. Mashamba ya mkonge nayo yakafanya vivyo hivyo. Kila shamba kubwa lilikuwa na korona yake, mashine ya kuchuna majani, na korona ikivunjika kazi yote husimama. Shamba halikuweza kungoja kipuri kije kwa meli. Fundi wa shamba alikata, akafua, akachomelea, na jioni korona ikaunguruma tena.

Mwaka 1963 reli ya Tanga iliungwa na reli ya kati kwa njia ya kutoka Ruvu hadi Mnyusi. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, Tanga ikafanywa mji wa viwanda. Mwaka 1972 kikafunguliwa kiwanda cha mbolea. Mwaka 1980 kikaja cha saruji, Pongwe. Kwa mafundi wetu kikubwa zaidi kilikuwa kiwanda cha nondo, Steel Rolling Mills. Hapo vipande vinene vya chuma viliwekwa tanuruni, vikapitishwa katikati ya magurudumu mazito mara kwa mara mpaka vikawa nondo ndefu. Tanuru za Washana zilikuwa zimepoa zamani; sasa upande huu ulikuwa tena na tanuru kubwa ya kukipa chuma umbo.

Kisha yakaja mapigo. Bei ya mkonge ilianguka, kiwanda cha mbolea kikafungwa, treni za abiria zikasimama kwa miaka mingi, zikarudi mwaka 2019 katika njia ya Dar es Salaam hadi Moshi. Mafundi wakatawanyika. Wengine walikwenda Dar es Salaam, wengine wakafungua vibanda vya mageti na madirisha kando ya barabara. Hivyo vibanda, kwa udogo wao, ndivyo vilivyohifadhi ufundi; kila kimoja kina kijana anayejifunza.

Mtazame fundi nondo wa leo kazini. Nondo ya milimita 12 akiiunga na nyingine huilaza ubavuni mwa mwenzake kama sentimita 60, kisha huzungusha waya na kuukaza kwa koleo. Pembeni mwa nondo hupachika vipande vidogo vya zege ili chuma kisikaribie uso wa nguzo. Pwani jambo hili ni la kufa na kupona. Chumvi iliyo hewani hupenya zege, ikifika kwenye chuma huleta kutu. Kutu huvimba na kuipasua nguzo kutoka ndani. Zege likishamwagwa, hakuna tena awezaye kuona kama fundi alikuwa mwaminifu. Bahari ndiyo itakayosema, baada ya miaka.

Sasa chuma kimerudi kwa wingi. Agosti 2017 liliwekwa jiwe la msingi Chongoleani, mwisho wa bomba la mafuta linaloanzia Hoima, Uganda: kilomita 1,443, na 1,147 kati ya hizo ziko Tanzania. Mafuta yale huganda yakipoa, hivyo bomba lazima lipashwe moto njia nzima. Chongoleani pameandaliwa matangi manne ya mapipa 500,000 kila moja. Gati la Tanga limepanuliwa hadi mita 450, na Pangani, walikozoea kivuko, panajengwa daraja la mita 525.

Tarehe hii ina fundisho moja. Miradi mikubwa ya Tanga huja na kuondoka; reli na korona ziliacha mafundi kwa sababu ziliacha karakana. Daraja likikamilika haliajiri wachomeleaji, na bomba likishafukiwa halifundishi mtu. Basi wakati kazi ingali moto, vijana wa chuo cha ufundi cha VETA Tanga na wa vibanda vya barabarani waingizwe humo, wapimwe, wapewe vyeti vinavyokubalika popote, na mashine zibaki mikononi mwao kazi itakapokwisha. Hilo likifanyika, atakayeandika sehemu ya pili ya tarehe hii atakuwa na majina ya kuandika.