PADRI LAGRANGE, MTUMISHI WA MAANDIKO MATAKATIFU



Katika yubile hii tunamshukuru Mungu kwa ajili ya wale waliotuletea Neno lake. Inafaa tuwakumbuke pia wale waliotufundisha namna ya kulisoma. Mmoja wao ni Padri Marie-Joseph Lagrange, Mdominiko, aliyezaliwa Bourg-en-Bresse, Ufaransa, tarehe 7 Machi 1855.

Mwaka 1890 wakubwa wake walimtuma Yeruzalemu aanzishe shule ya Maandiko. Ilifunguliwa tarehe 15 Novemba, katika konventi ya Mtakatifu Stefano, ndani ya nyumba iliyokuwa machinjio zamani. Mali yake yote ilikuwa meza, ubao na ramani. Wanafunzi walijifunza lugha za kale, kisha walitoka kuitembelea nchi ya Biblia kwa miguu na kwa wanyama. Mwaka 1892 Padri alianzisha gazeti la Revue biblique.

Kwa nini taabu ile yote? Siku zile wataalamu wengi wa Ulaya walidai kwamba historia imekwisha kuiangusha Biblia. Waamini wengi, kwa woga, walikataa hata kuulizwa. Padri Lagrange hakufuata hawa wala wale. Alifundisha kwamba Mungu alisema nasi kwa njia ya watu, wenye lugha yao na desturi zao. Basi sharti tutafute kwanza mwandishi alitaka kusema nini. Jambo hilo si geni kwetu: mtu asiyejua desturi za ukoo hawezi kufahamu methali ya wazee wake.

Tutoe mfano. Kitabu cha Kumbukumbu la Torati, sura ya 34, kinasimulia kufa na kuzikwa kwa Musa. Je, Musa aliandika habari ya kaburi lake mwenyewe? Mwaka 1897, katika mkutano wa Fribourg, Uswisi, Padri alieleza kwamba vitabu vitano vya Musa vilikusanywa kutoka asili mbalimbali. Tangu hapo wengi walimshuku. Mwaka 1907 alikatazwa kutoa kitabu chake juu ya Mwanzo. Mwaka 1912 Roma ilikataza baadhi ya vitabu vyake katika seminari, naye akaondoka Yeruzalemu.

Hakuiacha Eklezya, wala hakuacha kazi. Alimwandikia Papa kwamba anatii, na mwaka 1913 alirudishwa shuleni kwake. Alikuwa amekwisha kufafanua Evanjili ya Marko (1911). Aliongeza Luka (1921), Matayo (1923) na Yoane (1925). Hivyo vilikuwa vitabu vya wataalamu. Lakini mwaka 1928 alitoa L'Évangile de Jésus-Christ, ili hata msomaji asiyejua Kigiriki apate faida ya elimu ile.

Alikufa Saint-Maximin, tarehe 10 Machi 1938, kabla ya mavuno. Mwaka 1943 Papa Pio XII, kwa barua Divino afflante Spiritu, aliwahimiza wataalamu kuchunguza namna za kuandika za watu wa kale. Mwaka 1956 shule yake ilitoa Bible de Jérusalem katika kitabu kimoja. Mapadri wetu wengi wameitumia kutayarisha mahubiri. Mwaka 1965 Mtaguso wa Vatikano uliagiza kwamba waamini wote wafunguliwe wazi njia ya Maandiko. Na mwaka 1970 mtoto wa nchi yetu, Padri Laurent Monsengwo, ambaye baadaye alikuwa Askofu Mkuu wa Kisangani na Kardinali, alipata udaktari wa Maandiko huko Roma, wa kwanza katika Waafrika.

Basi, ndugu, mtu akiuliza swali gumu katika jumuiya zetu, tusimnyamazishe kana kwamba ametenda dhambi. Tufungue Kitabu pamoja naye, tutafute kwa akili na kwa sala. Padri Lagrange aliteseka kwa ajili ya maswali ya namna hiyo, na imani yake haikupungua. Mungu atujalie sisi na watoto wetu kulipenda Neno lake vivyo hivyo.